Kocha Akisema Amrapu

Leo tuzungumze juu ya maneno yanayosikika siku hizi katika jimu za Shinyanga, Kahama na Geita, na hata kwenye nyua za mitaani ambako vijana wamejaza zege kwenye makopo ya rangi, wakapitisha bomba katikati na kupata chuma cha kunyanyua. Kocha anasimama mbele yao na saa yake, anatamka: leo amrapu, dakika 20. Kesho yake: emomu, dakika 10, kisha tunamalizia Tabata. Waliosimama mbele yake wanaitikia kwa kichwa. Wengi hawajaelewa walichoambiwa, na wanaona haya kuuliza.

Naomba tusione haya. Kila moja ya maneno hayo ni amri kwa mwili wako. Inauambia ufanye kazi kiasi gani, kwa muda gani, na upumzike lini. Ukiitii amri usiyoielewa, tena ukaitii kwa moyo wote, gharama yake italipwa na mgongo, magoti na figo, na bili haiendi kwa kocha.

Mazoezi yenyewe ni haya: kuinama, kuchuchumaa, kuinua, kubeba, kusukuma, kuvuta na kukimbia, yote yakichanganywa ndani ya muda mfupi kwa nguvu nyingi. Yanaitwa ya kimatumizi kwa sababu yanafuata kazi ambazo mwili unazifanya maishani. Yapo ya namna nyingi, lakini jina lililovuma kuliko yote ni CrossFit, mtindo ulioanzishwa California mwaka 2000 na Greg Glassman na Lauren Jenai. Mashindano yake ya kwanza yalifanyika mwaka 2007 kwenye shamba la mifugo huko Aromas. Sehemu kubwa ya msamiati tunaousikia ilitoka huko: jimu ni boksi, zoezi lililopangwa kwa siku hiyo ni wodi, na baadhi ya mazoezi hayo yamepewa majina ya watu. Ukisikia mtu anasema jana alifanya Fran, maana yake alichukua chuma, akachuchumaa nacho na kuinuka akikisukuma juu ya kichwa mara 21, kisha akajivuta kwenye bomba mara 21, halafu akarudia yote mawili mara 15, na tena mara 9.

Turudi kwenye saa ya kocha, maana ndiyo inayotawala kila kitu.

Amrapu maana yake ni mizunguko mingi kadiri utakavyoweza ndani ya muda uliopangwa. Tuseme dakika 20: kujivuta juu mara 5, pushapu 10, skwati 15, unarudi mwanzo, unazunguka hadi muda uishe. Hapo muda umefungwa, kazi imeachwa wazi. Hakuna aliyekuambia ufikishe mizunguko mingapi, kwa hiyo mwendo ni wako mwenyewe, na ndiyo siri yote ya amrapu. Mgeni huanza kwa papara, dakika tatu za kwanza anaonekana bingwa, dakika 17 zilizobaki ameegemea ukuta. Mkumbukeni Alphonce Simbu, kijana wetu wa Singida, pale Tokyo Septemba 2025. Alikaa ndani ya kundi kilomita baada ya kilomita, akatunza alichonacho, na ubingwa wa dunia wa marathoni akauchukua kwenye hatua za mwisho kabisa kwa tofauti ya sekunde 0.03. Mtu wa namna hiyo ungemwekea amrapu, mzunguko wake wa mwisho ungefanana na wa kwanza.

Emomu ni kazi inayoanza kila dakika inapoanza. Saa ikigonga, unafanya skwati 12; ukizimaliza kwa sekunde 30, sekunde 30 zilizobaki ni zako, vuta pumzi. Dakika inayofuata ikigonga unaanza tena. Inaonekana ya kiungwana mpaka dakika ya saba, pale skwati zilezile 12 zinapokula sekunde 50 na pumziko linabaki sekunde 10. Pumziko likianza kuyeyuka hivyo, punguza idadi. Fanya 8. Emomu imepangwa ili upumzike, na ukishapoteza pumziko umepoteza zoezi lenyewe.

Kuna na ile ya kumaliza haraka: kazi imefungwa, muda uko wazi, aliye mwepesi ndiye mshindi. Sitakaa sana hapa. Niseme tu kwamba katika aina zote, hii ndiyo inayoharibu mkao wa mwili upesi zaidi, kwa sababu macho yako yote yako kwenye saa na jirani.

Tabata ndiyo nataka tukae nayo, kwa kuwa jina hili limepata kutumika vibaya kuliko mengine. Izumi Tabata ni mtafiti wa Kijapani. Mwaka 1996 yeye na wenzake walichapisha utafiti kuhusu zoezi ambalo kocha wa timu ya Japani ya mbio za kuteleza kwenye barafu, Irisawa Koichi, alikuwa tayari analitumia kwa wachezaji wake. Vijana wenye mazoezi walipandishwa kwenye baiskeli ya maabara. Walikanyaga sekunde 20, wakapumzika sekunde 10, na kurudia hivyo mara saba au nane, kama dakika 4 kwa jumla. Baada ya wiki sita uwezo wao wa kutumia oksijeni ulikuwa umepanda, na uwezo wa misuli kufanya kazi kabla oksijeni haijatosha ulikuwa umepanda kwa asilimia 28. Matokeo hayo ni ya kweli na ni makubwa. Lakini sikiliza ukali wake: walikanyaga kwa kiwango cha asilimia 170 ya kile ambacho mwili unaweza kukimudu kwa oksijeni yake ya juu kabisa. Kufikia mzunguko wa mwisho kijana alikuwa hoi, hawezi kukanyaga tena.

Kwa hiyo mtu anayerusha mikono sekunde 20 huku anapiga soga na mwenzake anafanya jambo jema, lakini hiyo siyo Tabata. Na kocha anayewapa watu waliojiunga juzi Tabata tano mfululizo hajui alichokitamka. Kama ile ya kwanza ingekuwa Tabata kweli, isingekuwapo ya pili.

Bapi nayo ina historia ya kufundisha. Royal Burpee alikuwa mtaalamu wa mazoezi mjini New York, na katika miaka ya 1930 alitafuta kipimo chepesi cha kujua mwili wa mtu uko imara kiasi gani. Chuchumaa, weka mikono chini, tupa miguu nyuma, irudishe, simama. Mara nne tu, kisha unapimwa mapigo ya moyo. Jeshi la Marekani likakichukua kipimo hicho wakati wa Vita Kuu ya Pili, idadi ikapanda, na baadaye watu wakaongeza pushapu katikati na kuruka mwishoni. Leo utamkuta kocha anamwambia aliyechelewa apige bapi 50 kama adhabu. Hilo silikubali hata kidogo. Zoezi likishageuzwa kiboko, mtu hatakuambia tena kwamba goti linamuuma.

Sasa nifike kwenye maneno mawili ambayo kwangu ni makubwa kuliko hayo yote. La kwanza ni ar-eksi. Limetoka kwenye ile alama ambayo madaktari huiandika juu ya karatasi ya dawa, na maana yake ni kwamba zoezi umelifanya kama lilivyoandikwa, uzito wote, idadi yote. La pili ni skeili, yaani kulipunguza lilingane na wewe: uzito mdogo, idadi ndogo, pushapu ukutani badala ya chini. La kwanza watu wanaliandika kwenye ubao kwa fahari. La pili wanalitamka kwa sauti ya chini, kana kwamba ni aibu.

Chukua zoezi linaloitwa Murph, ambalo Wamarekani wengi hulifanya kila mwisho wa Mei kumkumbuka Luteni Michael Murphy, mwanajeshi aliyeuawa Afghanistan Juni 2005. Unakimbia mita 1,600, unajivuta juu mara 100, pushapu 200, skwati 300, unakimbia tena mita 1,600, na mwilini umevaa fulana ya uzito wa kilo 9. Mwaka 2015 liliwekwa kwenye mashindano ya CrossFit huko Carson, California, juani. Alikuwepo Annie Thorisdottir wa Iceland, aliyekwisha kuwa bingwa mara mbili, mwaka 2011 na 2012. Joto lilimwathiri vibaya hata akajitoa kwenye mashindano. Bingwa wa dunia mara mbili, mwenye makocha na madaktari pembeni. Halafu kijana wa Kahama aliyeliona zoezi hilo kwenye simu jana usiku anataka kulifanya leo saa saba mchana, ameshindia chai na andazi. Kijana wangu, lipunguze. Robo ya Murph bila fulana ni kazi ya kutosha kabisa, na hakuna aibu ndani yake.

Lakini ukanda wetu huu una jambo ambalo waliotunga maneno haya hawakulifikiria, nalo ni kwamba wengi wetu tumekwisha kufanya mazoezi makali kabla hatujafika jimu. Mchimbaji mdogo wa Nyarugusu au Rwamgasa anashuka duarani kwa kamba, anapiga nyundo na moko, anajaza mawe kwenye kiroba, kiroba kinavutwa juu, mwenzake anakitwika begani hadi kwenye karasha. Huko jimu kuna zoezi la kubeba magunia ya mchanga, na watu wanalilipia. Huyu analifanya kuanzia asubuhi, hewa chini ni nzito, na hakuna saa inayogonga kumwambia apumzike. Mtu wa namna hii jioni hahitaji amrapu. Anahitaji maji, chakula chenye maharage au dagaa, na usingizi. Kama ni mazoezi, ayafanye siku asiyoingia kazini, ya taratibu, ya kunyoosha nyonga na mabega na kuimarisha ule upande wa mwili ambao kazi yake haiugusi.

Kitu kimoja kutoka jimu kinamfaa sana hata kazini, nacho ni mafunzo ya dedilifti. Ni kuinua mzigo kutoka chini, basi, lakini yana utaratibu: miguu karibu na mzigo, mgongo umenyooka, kifua mbele, mzigo unapanda ukiwa karibu na mwili, na nguvu inatoka miguuni, unaisukuma ardhi chini. Usizungushe kiuno huku umeinua; geuza miguu. Migongo mingapi imekwisha pale machimboni kwa kukosa dakika tano za maelezo hayo? Wale mama wanaokaa kutwa wakiponda mawe nao wangefaidika na skwati chache kila baada ya muda, maana nyonga iliyokunjwa saa nyingi hukakamaa.

Wanaoyahitaji hasa mazoezi makali ni wale ambao kazi zao zimewaweka kitini. Dereva wa mtambo kwenye mgodi mkubwa, zamu nzima mikono kwenye usukani. Karani wa ofisi Geita mjini. Mwenye duka, mwenye bodaboda, mwalimu anayesahihisha madaftari. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linamwambia mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, au dakika 75 hadi 150 za mazoezi makali, na siku mbili za kujenga misuli. Ukiyatazama vizuri maneno ya kocha, ni njia ya kuzipata zile 75 bila kununua kitu chochote.

Na Usukumani jambo hili lina mizizi. Wazee wanaonisikiliza wanaijua bugobogobo, ngoma ya majembe. Vijana wanapangwa safu shambani, ngoma inapigwa, majembe yanapanda na kushuka pamoja. Mpigaji akiharakisha, safu nzima inaharakisha. Akishusha, watu wanapata pumzi. Aliyeshika ngoma alikuwa ndiye mwenye saa, na alikuwa akiwaona watu wake. Alijua nani amechoka. Hilo la kuwaona watu ndilo ninalolitaka kwa makocha wetu wa leo, ambao mara nyingi wameitazama simu.

Sasa nisikilizeni kwa makini, hasa wazazi.

Kuna neno moja la jimu ambalo kila mtu angepaswa kulijua kabla ya amrapu: rabdo. Misuli ikilazimishwa kazi kubwa mno isiyoizoea, nyuzi zake huvunjika na kumwaga vilivyomo ndani yake kwenye damu. Figo zinapojaribu kuvichuja zinaziba na zinaweza kushindwa kabisa. Dalili zake ni maumivu makali kuliko yale ya kawaida, misuli kuvimba na kukosa nguvu, na mkojo wa rangi ya chai ya rangi iliyokolea au soda nyeusi. Maumivu ya kawaida baada ya mazoezi mapya yanakuja kesho yake au keshokutwa, kisha yanapungua yenyewe, hayo usiyaogope. Mkojo ukibadilika rangi namna ile, nenda hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku. Wala usinunue diklofenaki dukani kutuliza maumivu, kwa sababu dawa za kundi hilo zinaziongezea mzigo figo ambazo tayari zimeelemewa.

Na kwetu kuna sababu ya ziada ya kuwa macho. Kanda ya Ziwa ina watu wengi waliorithi chembe ya selimundu kutoka kwa mzazi mmoja. Hawaumwi, hawana dalili, wengi hawajui. Chembe hiyo imebaki kwa wingi hapa kwa sababu mwenye nayo hukingika na malaria kali, na malaria imetutawala kwa vizazi. Tafiti zilizofanywa kaskazini magharibi mwa Tanzania, wataalamu wa Hospitali ya Bugando wakiwamo, zimeona takriban mtoto mmoja kati ya watano anayo. Mwaka 2016 ulichapishwa utafiti wa wanajeshi karibu 48,000 wa Marekani wenye asili ya Afrika. Wale wenye chembe hiyo hawakufa zaidi kuliko wenzao, na hilo ni la kutia moyo. Lakini uwezekano wao wa kupata rabdo kutokana na mazoezi ulikuwa juu kwa asilimia 54, kiasi kilekile kilichoonekana kwa watumiaji wa tumbaku. Sisemi mwenye chembe asifanye mazoezi. Wanajeshi hao walikuwa wanafanya. Nasema apande polepole, anywe maji, aliepuke jua kali, na apumzike kabla hajalazimika. Kipimo cha damu kipo. Kama katika ukoo wenu yupo mwenye selimundu, kapimwe kabla ya kujiandikisha jimu.

Vivyo hivyo mchimbaji mwenye kikohozi kisichoisha, au anayehema kwa kupanda kilima kidogo. Vumbi la mwamba lina silika, silika huacha makovu kwenye mapafu, na mapafu yenye makovu hukikaribisha kifua kikuu. Huyo aanzie kituo cha afya. Tabata itamsubiri.

Utajuaje basi unafanya kwa ukali wa kiasi gani, ikiwa huna mashine ya kupima moyo? Wataalamu wana kipimo cha Gunnar Borg wa Uswidi, cha kujipa alama mwenyewe kwa jinsi unavyojisikia. Sisi tunacho cha mchakamchaka. Kila aliyepita JKT, na wengi waliosoma shule za msingi za zamani, wanakumbuka kukimbia huku wanaimba. Kama unaweza kuitikia wimbo mzima, uko kwenye kiwango cha chini. Kama unaweza kusema sentensi lakini kuimba kunakushinda, uko kwenye kiwango cha wastani. Kama maneno matatu yanakukatia pumzi, hapo ndipo penye ukali, na mtu mpya asikae hapo zaidi ya nusu dakika kwa wakati mmoja.

Kwa anayetaka kuanza, Jumamosi ya pili ya mwezi, ile siku iliyotengwa kitaifa kwa mazoezi, inatosha kuwa siku ya kwanza. Toka alfajiri kabla jua halijawaka. Tembea dakika 10 kwa mwendo wa kuchangamka. Kisha amrapu ya dakika 8: pushapu 5 ukiwa umeegemea ukuta, skwati 8 ukikaa na kuinuka kwenye kigoda, na ndoo mbili za maji, lita 5 kila mkono, uzibebe hatua 30 kwenda na kurudi ukiwa umesimama wima. Muda ukiisha, simama, hata kama unajisikia ungeweza kuendelea. Tembea tena dakika 5. Pumzika Jumapili, na Jumatatu ukiamka bila maumivu ya kukuzuia kuchuchumaa, rudia. Fanya hivyo wiki tatu kabla hujaongeza dakika au maji kwenye ndoo, na usiongeze vyote viwili siku moja.

Aliyejiunga na jimu tayari, kesho kocha akitamka neno jipya, nyoosha mkono umuulize mambo matatu: kazi ni ipi, muda ni kiasi gani, na pumziko liko wapi. Kocha anayeijua kazi yake atafurahi kuulizwa, na huenda wenzako watano waliokuwa wanaona haya watakusogelea baadaye kukushukuru.